Uvumilivu wa Nani? Shabaha ya Maisha na Maadili katika Maandishi ya Shaaban Robert

Shaaban Robert alifariki dunia mwezi Juni 1962. Miezi sita hivi baadaye, tarehe 10 Desemba, Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwandishi hakuiona wizara hiyo, wala hakuona vitabu vyake vikienea mashuleni kutoka Tanga hadi Kigoma. Hata hivyo ni vigumu kumtaja mtu mwingine ambaye maandishi yake yametumiwa zaidi kuwafundisha vijana wa nchi hii kwa nini mtu anaishi, lipi ni jema na lipi ni baya, na namna ya kukaa na wenzake. Kizazi baada ya kizazi kimepita darasani pamoja na Adili, Karama na Utubora. Tumewazoea mno wahusika hawa, na ni mazoea hayo hasa yaliyotusukuma kushika kalamu.

Katika mitihani swali la kawaida juu ya Adili na Nduguze huwa ni mafunzo gani tunayapata, na jibu la kawaida ni kwamba tunafundishwa uvumilivu. Sisi tuliofundisha tumelipa jibu hilo alama zake zote miaka nenda miaka rudi, bila ya kumwuliza mwanafunzi: uvumilivu wa nani, kwa nani, na mpaka lini?

Swali hilo tuliulizwa sisi wenyewe kabla hatujajiuliza. Siku moja, katika darasa la jioni la watu wazima, baada ya kueleza kwa ufasaha mwingi wema wa Adili, mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, tangu niolewe naambiwa nivumilie. Baba watoto wangu yeye huambiwa avumilie nini?" Darasa zima liliangua kicheko. Mzee mmoja wa mbele akamwambia, "Mama, hayo mkayamalize nyumbani." Nasi pia tulicheka, tukaendelea na somo. Kicheko kile kimetukera tangu siku hiyo, kwa sababu mama yule alikuwa amesoma kitabu vizuri kuliko mwalimu wake.

Lugha yetu ina ukarimu wenye hatari katika jambo hili. Neno uvumilivu hubeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Mtu mwenye jino bovu akikesha bila ya kupiga kelele, twasema amevumilia. Mtu mwenye uwezo wa kumnyamazisha jirani asiyekubaliana naye, akiacha kufanya hivyo, naye twasema amevumilia. Wa kwanza anastahimili maumivu asiyoweza kuyaondoa. Wa pili anauzuia mkono wake mwenyewe usitende unachoweza kutenda. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na pengine yanapingana, kwa maana mnyonge akizidi kuvumilia kwa maana ya kwanza, mwenye nguvu hapati haja ya kuvumilia kwa maana ya pili. Maneno subira na ustahimilivu yangaliweza kutusaidia kupambanua, walakini katika mazungumzo ya kila siku nayo huingiliana kama maji ya mito katika mlango wa bahari. Methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu humwahidi mtu malipo, lakini haisemi ni nani aliyeukalia mti. Kauli moja tu ya kitenzi hutuokoa, nayo ni kuvumiliana. Kiambishi hicho kidogo cha mwisho hudai watu wawili, kila mmoja akitoa na kila mmoja akipokea.

Hoja yetu ni kwamba Shaaban Robert, katika maandishi yake yaliyo bora, aliuondoa uvumilivu kichwani mwa mnyonge akautwika mwenye nguvu. Na kwamba sisi wasomaji wake tumeurudisha ulikotoka.

Ili kuipima hatua hiyo hatuna budi kurudi nyuma kidogo, mpaka kisiwa cha Pate mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa alipomtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wosia ambao mpaka leo ni mmojawapo wa nguzo za ushairi wetu. Humo binti anaelezwa kuwa ana haki tano za kutimiza: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Shabaha ya maisha yake imekwisha kuwekwa kabla hajaanza kuyaishi. Kilichobaki ni adabu ya kuifikia. Kwa mume atakuwa laini, atasoma uso wake, atatulia akiwa na hasira. Kwa watumwa atajitenga, asikae nao ila wakati wa kazi. Uvumilivu unapanda juu kama moshi, haushuki chini.

Tusimhukumu mama huyu kwa pupa. Alikuwa akiaga dunia, na alimwachia mwanawe silaha alizokuwa nazo. Lakini mhakiki hawezi kupita bila ya kukumbuka kwamba Bwana Mataka, baba wa nyumba hiyohiyo, alikuwa mtawala aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said wa Unguja na hakukubali kuwekwa chini yake mpaka alipofariki mwaka 1856. Kukataa kuvumilia kulikuwa fahari kwa mwanamume wa Siu katika uwanja wa vita. Kwa binti yake, ndani ya ua, kungalikuwa fedheha.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika forodha na kisha katika idara nyingine. Alijua, basi, maana ya kustahimili maumivu usiyoweza kuyaondoa. Yeye pia alitunga wosia mbili kwa watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana, na ndani ya tenzi hizo bado twasikia sauti ya Pate. Binti ana yake, mwana ana yake. Atakayemhakiki Shaaban Robert kwa tenzi hizo peke yake atasema kwamba hakuna kilichobadilika ila lahaja, na hatakuwa amekosea sana. Mabadiliko hayamo katika wosia. Yamo katika hadithi, mahali ambapo mtunzi hana mtoto mbele yake wa kumwonya, bali ana watu wa kubuni anaoweza kuwaacha wakosane.

Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, Adili ni mtawala wa Janibu chini ya mfalme Rai. Nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, aliwagawia mali yake, nao wakamlipa kwa kumtupa baharini ili wamnyang'anye mchumba. Jini Huria alimwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, na akamwamuru Adili awapige kila usiku. Basi kila usiku mtawala huyu anawapiga nduguze, na akisha kuwapiga analia nao na kuwalisha. Hii si picha ya mtu mvumilivu kwa maana tunayoiandika ubaoni. Adili hana jino bovu. Adili ndiye aliyeshika mjeledi. Jambo linaloteketeza moyo wake ni kwamba ana uwezo juu ya watu waliomkosea, na uwezo huo ameamrishwa autumie.

Hapa pana mambo mawili ambayo madarasa yetu huyaruka. La kwanza, Adili haachi kusema. Anaposimamishwa mbele ya Rai anasimulia yote, tangu urithi hata bahari, manyani wakiwapo. Msamaha katika kitabu hiki hautangulii ushahidi, unaufuata. Sisi tumezoea kumwambia aliyeonewa asamehe ili yaishe, yaani asamehe ili tusisikie. Shaaban Robert hakuandika hivyo. Aliandika kurasa nyingi za mashitaka, na ndipo akaandika rehema.

La pili, adhabu haikomeshwi na chozi la Adili. Inakomeshwa na Rai, mwenye enzi, anayesikia habari hiyo na kukataa iendelee katika nchi yake, akamwandikia mfalme wa majini Mrauba. Yaani mwenye nguvu anamwandikia mwenye nguvu mwenziwe amzuie mwenye nguvu wa tatu. Wanaojua asili ya hadithi hii katika Alfu Lela Ulela watakumbuka kwamba mwisho wa ndugu wale katika simulizi ya Kiarabu ni mchungu: hawaachi uovu, nao wanaangamia. Shaaban Robert aliukata mwisho huo akaweka toba. Wengine wameona kwamba ni udhaifu wa moyo laini. Sisi twaona ni uamuzi wa mtu aliyetaka kujua itakuwaje ikiwa wenye uwezo wote watatu watauzuia mkono.

Jambo hilohilo limo katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, ila hapo limevaa joho la mahakama. Kosa la Karama ni kuanzisha elimu ya sheria katika nchi inayoelea angani. Waziri Majivuno anamshitaki, na Karama anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mashauri mema, na wakatiwa gerezani kwa malipo. Wahakiki wetu wameandika mengi, na kwa haki, juu ya ukoloni unaojificha nyuma ya mawingu ya Kusadikika. Walakini kisa hakingekuwapo kama mfalme asingalikaa kimya akasikiliza. Karama haombi apendwe, wala hamwombi Majivuno awe na fikira kama zake. Anaomba asikizwe mpaka mwisho. Huo ndio uvumilivu anaoudai mshitakiwa kutoka kwa baraza linaloweza kumkata kichwa, na mwisho anaupata, yeye pamoja na wajumbe waliokuwa kifungoni.

Katika historia yetu wenyewe tunao mfano ulio karibu na kisa hicho. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa vyama. Kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kiasi cha asilimia 20 walitaka vyama vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wengi waliokuwa na uwezo wa kusema hapana walikubali kuwaachia nafasi wachache. Tangu hapo maneno uvumilivu wa kisiasa yamesikika sana majukwaani, lakini sikilizeni yanaelekezwa kwa nani: aghalabu huambiwa yule aliyeshindwa.

Turudi kwenye shabaha ya maisha, kwa maana mtu hawezi kumvumilia mwenzake akiwa hajui yeye mwenyewe anaelekea wapi. Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mtunzi na mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na haikuwa vigumu kukisoma kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya Azimio hilo. Utubora anaacha kazi ya ofisini kwa Makuu, tajiri wa biashara, akaenda kulima. Kitabu kinauliza swali zuri: mtu akisha kupata mshahara, anapata nini? Lakini hatuna budi kukiri kwamba kinalijibu mapema mno. Utubora amezaliwa utu bora. Makuu ana makuu. Hasidi atafanya nini ila kuhusudu? Jina limekwisha kumhukumu mtu kabla hajafungua kinywa. Katika dunia hiyo hapana anayejikagua, kwa sababu hapana anayeweza kujikuta mwingine. Marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1976 juu ya riwaya za Shaaban Robert, aliijua vyema njia hiyo, na katika riwaya zake mwenyewe akafuata nyingine. Kazimoto wa Kichwamaji, kitabu cha mwaka 1974, anarudi kijijini na elimu ya chuo kikuu, anajikagua mchana na usiku, na asipoona shabaha yoyote anajiua. Kwa Utubora majibu yametangulia maswali. Kwa Kazimoto maswali yamekula majibu. Tukilazimishwa kuchagua, tungempa kijana vyote viwili asome kwa juma moja, na kumwacha agombane navyo.

Pana kitabu kimoja cha Shaaban Robert ambacho hakina kasoro hiyo ya majina, kwa sababu mtu wake hakubuniwa. Ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba maskini ya wafinyanzi, akauza vyungu, akaolewa na kuachwa. Hakuwa na nasaba wala mali. Kama angalifuata wosia wa kawaida angalikaa Fumba akasubiri. Yeye aliondoka akaenda mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay na kuenea pwani yote. Watu walimdharau kwa sura yake na asili yake, naye aliwajibu kwa kuendelea kuimba. Shaaban Robert anamwandikia mwanamke huyu kwa heshima kubwa, bila ya kumwusia lolote. Mwandishi yuleyule aliyemwekea binti yake mipaka katika Hati anamvulia kofia mwanamke aliyeivuka. Hatuoni haja ya kumpatanisha na nafsi yake. Mtu akiandika kwa miaka thelathini akawa hajipingi popote, basi ama hakukua ama hakusema kweli.

Tumalizie na jambo linalotuhusu sisi tulio wasimamizi wa vitabu. Mwaka 1971 Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Humo baba mlevi, Zakaria, anampiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume, kisha anapoteza njia kabisa. Na anapoipata tena, mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kwa hoja kwamba kingewaharibu vijana, na baadaye kikaruhusiwa na kusomwa. Waliokipinga walikuwa watu wenye maadili, na wengine tuliwaheshimu sana. Lakini kosa walilolifanya ni lile la Zakaria. Waliona barua wakampiga aliyeishika. Jamii iliyomshangilia Adili kwa kuuzuia mkono ilishindwa kuuzuia wake mbele ya kitabu chembamba, kwa sababu katika kitabu hicho kuvumilia hakukuwa kazi ya Rosa. Ilikuwa kazi ya baba, ya mchumba, na ya msomaji.

Tuliporudi darasani na Adili na Nduguze, mbele ya vijana safari hii, tuliliacha swali la mafunzo. Tuliandika ubaoni: Je, Adili alikuwa na haki ya kuwapiga nduguze kila usiku kwa kuwa aliamriwa? Darasa liligawanyika mara moja. Wavulana wengi walisema amri ni amri. Mmoja akasema kwamba angalikuwa yeye angalipiga ukuta badala ya nyani, na jini asingalijua. Msichana aliyekaa nyuma, ambaye muhula mzima hakuwahi kunyosha mkono, akauliza ni kwa maneno gani Hasidi na Mwivu walimwomba ndugu yao radhi, na kama Adili aliwaambia walivyomwumiza au alinyamaza tu. Tulikiri mbele yao kwamba hatukuwahi kusoma kwa kutafuta hilo. Tukafungua kitabu wote pamoja, na kengele ikalia tukiwa bado tunafunua kurasa.